Unywele, Pembe na Njia ya Tabora

Unywele wa binadamu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na sehemu iliyokwisha kutoka kwenye ngozi haibadiliki tena: hubaki na alama ya maji na chakula cha majuma yale. Mfikirie mpagazi wa Kinyamwezi aliyeteremka na msafara wa pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo miaka ya 1860, mwendo wa miezi mitatu au zaidi. Kwenye ncha ya unywele wake ungesoma mtama na uwele wa Unyanyembe, nchi ya Tabora. Karibu na ngozi, wali na muhogo wa pwani. Kama kabla ya hapo alikaa Ujiji akila samaki wa Ziwa Tanganyika, naitrojeni ya unywele ingeonyesha hivyo. Safari nzima ingeenea katika sentimita tatu au nne.

Chanzo cha alama hizo ni nchi yenyewe. Mtama, mahindi na majani ya mbugani hubaki na kaboni nzito kuliko miti, mpunga, muhogo na migomba. Wingu likipanda nyanda za juu, maji yenye oksijeni na haidrojeni nzito hutangulia kudondoka. Ziwani jua huinua maji mepesi na kuyaacha mazito. Hata mwamba una sauti: strontiamu ya mawe ya Unyamwezi, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, haifanani na ya matumbawe ya pwani wala ya lava ya Bonde la Ufa.

Wengi husifu mashine inayopima atomi hizi, inayotenganisha nyepesi na nzito kwa sumaku. Mimi nasifu mikono inayoitangulia. Unywele huoshwa kwa klorofomu na methanoli mpaka mafuta na vumbi vitoke, ukakaushwa, kisha ukakatwa vipande vya milimita chache kwa mpangilio, maana kipande kikigeuzwa, masika huja baada ya kiangazi kisichokuwa chake. Kila kipande, chini ya miligramu moja, hufungwa kwa kibano ndani ya kikombe kidogo sana cha fedha, ndipo kiingie tanuru la nyuzi zipatazo 1,400.

Na kabla ya tanuru kuna kungoja. Sehemu ya haidrojeni ya unywele hubadilishana na unyevu wa hewa, hivyo unywele wa Tabora ukiwekwa kabatini London huanza kuchukua kidogo cha London. Fundi hauzuii mchezo huo. Anauweka sawa kwa wote. Sampuli huachwa siku kadhaa katika hewa moja na nywele za kigezo ambazo thamani zake zinajulikana, ili athari iwe ileile na iondolewe kwa hesabu. Vigezo viwili vinavyotumika sana, vilivyoandaliwa na Shirika la Jiolojia la Marekani, ni nywele za watu wa Tibet na za India. Napenda uaminifu wa namna hii, wa kukiri kwamba chumba nacho kina maji yake.

James Ehleringer, Thure Cerling na wenzao wa Chuo Kikuu cha Utah waliitengenezea kazi hii msingi mwaka 2008, kwa nywele zilizokusanywa kwa vinyozi wa miji 65 ya Marekani pamoja na maji ya bomba ya miji hiyo. Maji na nywele vilikwenda pamoja vizuri ajabu. Cerling alikuwa amekwisha kuisoma singa ya mkia wa tembo huko Samburu, Kenya, akishirikiana na mtafiti wa tembo Iain Douglas-Hamilton na wengine, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Dume mmoja waliyemwita Lewis alikuwa akipanda hadi msitu wa Imenti, chini ya Mlima Kenya. Kola ya shingoni ilionyesha alikokuwa. Singa ikaonyesha kwamba huko msituni, penye miti tele, alikuwa akila kitu chenye kaboni ya mahindi.

Kutoka singa hadi pembe ni hatua fupi, na hapo ndipo njia ya Tabora inapoingia. Pembe nyingi zilizopita Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati wapelelezi Burton na Speke walipofika mwaka 1857, zilifika Unguja na kutoka huko zikasafirishwa hadi Connecticut, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton vilizichonga kuwa vibao vya piano. Mwaka 2016 Ashley Coutu, Paul Lane na wenzao walichapisha kazi ya miaka mingi: walipima kaboni, naitrojeni, oksijeni na strontiamu za tembo wa zamani ambao asili yao ilijulikana, wa pwani, wa Bonde la Ufa na wa maziwa makuu, ndipo wakaziweka kando yao pembe zisizojulikana zilikotoka. Walitaka kuona kama ni kweli kwamba kadiri tembo wa pwani walivyopungua, misafara ilizidi kuingia bara. Daftari la mfanyabiashara liliandika frasila na bei. Kuuliza ndovu mwenyewe alikunywa wapi kulihitaji karne nzima na subira ya watu hawa.

Ufundi huu hautaji kijiji. Hufuta kwanza mahali ambapo mtu au ndovu hakuwako, kisha hubakiza eneo, pengine kubwa, na fundi mwema hukomea hapo. Tena lazima aijue nchi kuliko ramani inavyoijua. Tabora ilizoea maji ya bwawa la Igombe, yanayotokana na mvua za hapohapo. Miaka ya karibuni bomba limeleta maji ya Ziwa Victoria kupitia Nzega. Maji ya ziwa lile yamechomwa na jua miaka mingi, ni mazito. Mtoto wa Tabora asiyewahi kutoka mjini huenda akawa na unywele unaosema amehamia kaskazini, na atakayeusoma vizuri ni yule aliyeuliza kwanza bomba lilifika mwaka gani.