Mzinga wa manowari ulivyofundishwa kutembea

Anayeshuka jahazini Nyamisati maji yakiwa yamekupwa anayajua matope ya delta ya Rufiji. Mguu unazama hadi gotini, na ukiuvuta kwa pupa unatoka bila kiatu. Sasa weka juu ya matope hayo chuma kimoja chenye urefu wa zaidi ya mita 4 na uzito wa kilo 1,555, sawa na mifuko 31 ya saruji. Unatakiwa ukitoe, ukivushe mikoko, ukifikishe Dar es Salaam kwa nchi kavu kwa sababu baharini adui anakungoja. Ukimaliza, vimebaki vingine tisa.

Kazi hiyo ilifanyika mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, katika maji ya Salale, ambayo leo yako wilaya ya Kibiti. Habari za manowari ya Kijerumani Königsberg zimesimuliwa sana, na karibu kila msimulizi huishia pale meli inapolazwa mtoni. Mimi naona hapo ndipo jambo lenye mafunzo kwa fundi linapoanza. Mizinga 10 iliyoundwa kukaa juu ya meli ilitolewa, mingi ikafanywa mizinga ya nchi kavu, na baadhi yake ikapigana kwa zaidi ya miaka miwili baada ya meli yenyewe kufa. Nataka kuchambua namna ilivyowezekana, na gharama yake ililipwa na nani.

Kwa ufupi, Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mitambo yake ilikuwa inahitaji matengenezo, ikajificha ndani ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, wakaziba njia, wakakaa miezi wakiiwinda kwa meli na ndege. Hatimaye walileta Severn na Mersey, meli mbili zenye kina kifupi zinazoweza kupanda mtoni, nazo zilishambulia tarehe 6 na tarehe 11 Julai 1915. Siku hiyo ya pili nahodha Max Looff aliamuru meli yake ilipuliwe. Ilikaa chini ya mto, lakini sitaha ya juu ilibaki juu ya maji. Kwenye maji ya kilindi mizinga ile ingepotea. Rufiji, kwa kina chake kidogo, iliibakiza pale ambapo mtu anaweza kuifikia na spana.

Kabla ya kuiacha meli, mabaharia walizitupa mtoni kabari za mizinga. Kabari ni kipande cha chuma kinachoteleza kwa ubavu na kuziba nyuma ya mtutu kombora likishaingia. Bila kabari mzinga ni bomba tu, kwa maana baruti ingetokea nyuma na kuwaua wapigaji. Walichofanya mabaharia kilikuwa sahihi: ukitaka kuua mzinga haraka, toa kabari. Lakini walizitupa palepale meli ilipo. Baadaye wapiga mbizi wa upande wao wenyewe waliziibua kutoka kwenye matope, na mizinga yote 10 ikawa hai tena.

Kwa nini Wajerumani waling'ang'ania vyuma hivyo? Jibu liko kwenye ghala lao. Mizinga mingi waliyokuwa nayo nchini ilikuwa ya muundo wa mwaka 1873, inayotumia baruti nyeusi. Kila ukipiga, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipo, tena kombora haliendi mbali. Mzinga wa Königsberg, wenye kipenyo cha sentimita 10.5, ulitumia baruti isiyo na moshi mwingi na uliweza kufika kilomita 12. Jeshi lililozingirwa, lisilo na kiwanda cha silaha, liliokota nguvu kama hiyo ndani ya mto wa nyumbani.

Lakini nguvu ya mzinga haikai kwenye mtutu peke yake, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo.

Kombora la kilo 17 hivi linatoka kwa mita 690 kwa sekunde. Nguvu inayolisukuma mbele inausukuma mtutu nyuma kwa kiasi kilekile. Zidisha uzito wa kombora kwa mwendo wake, gawanya kwa uzito wa mtutu, utapata kwamba mtutu unataka kurudi nyuma kwa mita 6 hadi 8 kila sekunde. Gesi ya baruti inaongeza zaidi, nami sijaihesabu. Ni tani moja na nusu ya chuma inayoondoka ghafla kwa mwendo wa pikipiki mtaani, na lazima izuiwe ndani ya nafasi fupi sana.

Melini tatizo hilo lilikuwa na suluhisho zuri. Mtutu ulilala kwenye kitanda cha chuma na kuteleza nyuma ndani yake. Ukirudi, unasukuma pistoni ndani ya silinda yenye kimiminiko, nacho hakina pa kutokea ila kwenye tundu jembamba. Kupita kwa shida kwa kimiminiko hicho ndiyo breki yenyewe, na nguvu ya teke inageuka joto. Kisha springi zinaurudisha mtutu mahali pake. Teke linalobaki linashuka kwenye nguzo ya mzinga, kutoka hapo kwenye boliti, kutoka boliti kwenye mbavu za meli yenye uzito wa zaidi ya tani 3,000, na meli inaikabidhi bahari. Bahari ndiyo iliyokuwa kitako cha mwisho cha mzinga ule.

Ukiung'oa na kuuweka juu ya magurudumu mawili, umeiondoa bahari. Breki ya silinda ipo bado, lakini teke linalobaki sasa linakuta gari la tani chache. Tena mtutu uko juu na ardhi iko chini, kwa hiyo teke halisukumi nyuma tu, linataka pia kuliinua gari magurudumu na kulipindua. Dawa yake ni mkia mrefu wa chuma unaolala nyuma, wenye jembe mwishoni la kujichimbia ardhini. Ni akili ileile ya mtu anayetanua miguu akiegemea ngazi: kadiri tako la mkia linavyokuwa mbali, ndivyo teke linavyoshindwa kuupindua mzinga. Mkia ukiwa mfupi, mzinga unaruka. Ukiwa mrefu kupita kiasi, haukati kona ya njia ya porini. Fundi lazima achague, na jibu sahihi la ardhi moja ni kosa katika ardhi nyingine.

Kuna hasara nyingine ambayo sijaona ikitajwa inavyostahili. Melini mzinga ulizunguka kwenye nguzo yake, leo kushoto, kesho kulia, bila meli kujali. Juu ya gari lenye mkia, kupiga upande ni kutafuta kupinduka. Ukitaka kubadili shabaha kwa upana, unachomoa mkia ardhini na kuligeuza gari zima kwa mabega ya watu. Mzinga ulipata miguu, ukapoteza shingo.

Magari hayo yalitengenezwa katika karakana za reli Dar es Salaam. Hilo halikuwa bahati. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma Februari 1914, na karakana ya reli ina kila kinachohitajika hapa: tanuri, nyundo kubwa, mashine za kukereza, na zaidi ya yote mafundi waliozoea ekseli na magurudumu yanayobeba tani nyingi. Anayejua kufunga gurudumu la behewa amekwisha jua nusu ya gari la mzinga. Maofisa waliosimamia wametajwa vitabuni. Waliopuliza mivukuto na kushika koleo la moto hawakutajwa, na mimi sikubali kuandika juu ya magari yale kana kwamba yalijitengeneza.

Si kila mzinga ulipewa miguu. Mmoja ulipanda treni hadi Kigoma, ukafungwa kwenye meli Goetzen ya Ziwa Tanganyika. Hapo fundi hakuwa na la kuhangaika nalo, kwa sababu mzinga ulirudi juu ya maji, mahali palipoumbwa kwa ajili yake. Goetzen yenyewe ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza miaka ya 1920, na ndiyo MV Liemba ya leo. Mizinga mingine ilikwenda Kahe na Kondoa-Irangi, kila mmoja na vita vyake. Mzinga ulipokosa namna ya kuondolewa, ulilipuliwa na wapigaji wake wenyewe. Kufikia Novemba 1917, jeshi la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck lilipovuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, halikuwa tena na hata mmoja. Mitatu imesalia: mmoja Pretoria, mmoja Jinja, na mmoja Fort Jesus, Mombasa, ambako yupo pia ndugu yake wa Pegasus, meli iliyozamishwa Unguja.

Mfano wa kuchambuliwa zaidi uko karibu na Rufiji kwenyewe, katika milima ya Umatumbi. Desemba 1905, miezi michache baada ya Wamatumbi kuanza vita vya Maji Maji, Königsberg ilishushwa majini huko Kiel. Miaka 11 baadaye mzinga wake ulipanda milima ileile, kwenda kushambulia ngome ya Kibata iliyokuwa mikononi mwa Waingereza na askari wao wa Kihindi na Kiafrika. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba mamia ya wenyeji waliivuta mizinga mizito kupanda na kushuka miteremko mikali, wakiimba, kwenye njia iliyopimwa na kukatwa porini kwa kazi hiyo, hadi Mtumbei Chini.

Mamia? Nimejaribu kupima. Chukua mtutu peke yake, bila gari. Kwenye mlima unaopanda mita moja kwa kila mita nne, mvuto wa kuurudisha chini unakaribia kilo 380. Ongeza ukinzani wa magurudumu kwenye udongo laini, unaozidi kwa urahisi kilo 300. Mtu anayevuta kamba kwa saa nyingi, si kwa dakika moja ya sifa, hutoa kilo 15 hivi. Hao ni watu 45, na bado hujavuta magurudumu, ekseli, kitanda na mkia, ambavyo kwa pamoja havipungui uzito wa mtutu. Sasa ni watu 100 kwenye kamba. Ongeza zamu ya kuwapumzisha, wakata njia, wabeba kabari za miti za kutia nyuma ya gurudumu, na wabebaji wa makombora, kila kombora na ganda lake la shaba likiwa mzigo kamili wa mtu mmoja. Mamia yametimia, na chakula chao kilitoka kwenye maghala ya vijiji vya njiani.

Kwa hiyo nikiulizwa ni kifaa gani kilichochukua nafasi ya bahari chini ya mzinga ule, sitataja mkia wala jembe lake peke yake. Ni watu hao, ambao wengi hawakuulizwa kama wanataka kuja. Na wimbo ulikuwa sehemu ya mtambo. Watu 100 wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, kamba inalegea na kukaza ovyo na gurudumu halitoki kwenye shimo. Wakivuta kwa neno moja, nguvu yote inafika mara moja, gurudumu linapanda, kabari ya mti inatiwa nyuma yake, na watu wanavuta pumzi.

Kushuka ni kugumu zaidi. Kupanda, aliyechoka analegeza na wenzake wanasimama. Kushuka, chuma chenyewe ndicho kinachovuta. Kamba inazungushwa kwenye shina la mti ili msuguano ubebe sehemu ya uzito, na waliobaki nyuma wanaiachia shibiri kwa shibiri, nyayo zimechimbia, viganja vinaungua. Wa mbele akiteleza hana pa kukimbilia kwenye njia nyembamba. Hapo wimbo unabadilika kazi: unakuwa wa kuachia pamoja.

Mwanzoni mwa Desemba 1916 mzinga wa Salale ukaanza kulia juu ya Kibata.