Mahari hainunui mtoto

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, ndoa ikivunjika, utasikia: «Mahari ililipwa, mutoto ni wa baba.» Desturi hiyo ilikuwa na maana yake: mahari iliunganisha jamaa mbili, na mtoto alijua ukoo wake. Leo wengine wanaitumia kwa kumwazibu mama tu. Sisi walimu tunaona mtoto anatolewa shuleni katikati ya mwaka.

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema vingine. Talaka inakatwa na tribinali, na juji, akiamua nani atabaki na watoto, anatazama faida yao. Yule asiyepewa watoto angali mzazi. Anapaswa kuchangia malezi kadiri ya uwezo wake.

Lakini sheria nayo ina kasoro: inaongea Kifaransa, na ndoa nyingi za vijijini hazikuandikwa leta sivili. Kwa hiyo baraza la jamaa ndilo linaamua mbele.

Basi, wazee wetu, musianze kwa kuhesabu mbuzi. Muulize kwanza: mutoto atalala wapi, nani atamulisha, nani atamusomesha?