Ngolo, Ujuzi wa Mama Zetu wa Umatengo

Milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, haina huruma na mkulima. Yako makonde ambayo mgeni akiyaona hujiuliza watu wanasimamaje pale, sembuse kulima. Mvua nazo, zikishaanza mwishoni mwa mwaka, hunyesha kwa nguvu hadi Aprili. Kwa mteremko ule na mvua ile, udongo ulipaswa kuwa umeishia mtoni zamani. Bado upo, na unalimwa, kwa sababu ya ngolo.

Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde, unaona mlima mzima umejaa mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki. Kila shimo limezungukwa na matuta pande nne, na juu ya matuta ndipo mazao yanapoota. Nimekulia katikati ya mashimo hayo. Utotoni niliyachukulia kuwa sehemu ya mlima, kama miamba na vijito. Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba kila moja lilichimbwa na mtu aliyejua anachofanya.

Kazi ilianza Februari kuingia Machi, mvua zikielekea ukingoni. Baba na kaka zetu walifyeka majani yaliyoota kondeni, wakayaacha yanyauke siku kadhaa. Kisha waliyalaza kwa mistari, mingine ya kushuka, mingine ya kukatiza, mpaka konde likagawanyika miraba miraba. Upana wa mraba ni mita moja na nusu hivi, au mbili. Hakukuwa na kamba wala futi, ni jicho tu. Hapo zamu ya wanaume iliisha, na sehemu ngumu ikabaki kwa akina mama.

Mama aliingia katikati ya mraba na jembe la mkono, akapima kwa macho, akaanza. Udongo wa juu, ule mweusi, aliuvuta na kuumwaga juu ya majani, upande mmoja baada ya mwingine, mpaka majani yote yakafunikwa. Tuta la upande wa chini alilipa udongo zaidi, maana ndilo linalobeba uzito wa maji. Sisi watoto tulimfuata na mbegu za maharage, tukazitawanya juu ya matuta. Mama akarudi shimoni, akachimba udongo wa ndani zaidi na kuzifukia mbegu kwa tabaka jembamba. Mkono wake haukuwa na haraka. Tuta likiwa jembamba mno alilijua kabla hajalimaliza, akaongeza pigo moja la jembe, akahamia mraba mwingine. Kufikia jioni kipande cha mlima kilikuwa kimebadilika sura.

Uzuri wa kazi hiyo unaonekana mvua inaponyesha. Maji hayapati nafasi ya kukimbia, kwa kuwa kila shimo huyapokea na kuyatuliza, yakazama ardhini polepole. Udongo unaomomonyoka kutoka kwenye matuta huishia shimoni, hatua moja tu kutoka ulipotoka. Chini ya mazao, majani yaliyofukiwa yanaoza na kuwa mbolea. Wakati wa palizi, magugu hutupwa shimoni, nayo yanaoza humohumo.

Maharage yakishavunwa, matuta yaleyale hupandwa mahindi mvua mpya zikianza, kwa kawaida Novemba au Desemba. Baada ya mahindi, konde hupumzishwa na majani huachwa yaote mpaka Machi ya mzunguko unaofuata, kama miaka miwili tangu shimo la kwanza. Safari hii mashimo hayachimbwi palepale. Huhamishiwa yalipokutana matuta ya zamani, mahali palipooza majani mengi zaidi. Kwa hiyo udongo wenye rutuba hugeuzwa na kusambazwa upya, na shimo la zamani lililojaa mboji huwa msingi wa matuta mapya.

Wazee husimulia kwamba Wamatengo walisongamana milimani karne ya 19, wakikimbia mashambulizi ya Wangoni. Ardhi ilikuwa finyu na ya mteremko, na hapakuwa na pa kuhamia udongo ukichoka. Ilibidi watu waulishe udongo palepale ulipo. Serikali ya kikoloni ilipokuja ilikuta ujuzi umekamilika. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya A. H. Pike kuhusu namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Kwingineko serikali hiyo ilileta njia zake yenyewe: katika milima ya Uluguru, ambako wakulima walilazimishwa kutengeneza matuta ya ngazi, mambo yaliishia kwenye ghasia mwaka 1955. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walifika kijiji cha Kindimba pamoja na wenzao kutoka Japani, kujifunza kwa wakulima.

Ngolo inachosha. Inadai migongo ya wanawake katika miezi ileile ambayo nyumba nayo inawadai, na kahawa nayo inataka mikono. Siwalaumu vijana wanaochagua matuta ya kawaida yanayolimika upesi. Ila mzigo huo ungepungua kama wanaume nao wangeshika jembe na kuingia shimoni, badala ya kuishia kwenye kufyeka.

Tunazoea kuwaita wataalamu wale waliosoma na kuandika. Mwanamke anayejua kiasi cha udongo ambacho tuta litabeba kwenye mteremko mkali, bila kipimo chochote, ni mtaalamu, na anastahili kuitwa hivyo akiwa hai. Kama mama au bibi yako bado anachimba ngolo, nenda kwake Machi ijayo. Chukua jembe, ingia katika mraba wa pili, umwombe akufundishe.