"Ni Salama Rohoni Mwangu" na wasioweza kuuimba

Ukiulizwa uko aje, jibu unalo tayari mdomoni: niko salama, niko poa, tunasonga tu. Hata kama umelala ukilia, hujibu vingine. Ndiyo maana wimbo "Ni Salama Rohoni Mwangu" unaweza kutupita masikioni kama salamu nyingine ya asubuhi. Kwaya inauanzisha kando ya kaburi, watu wanaitikia kwa sauti nne, na macho yote yanamgeukia mfiwa kuona kama anaimba.

Mwaka jana, huko ushago, shangazi yangu alifunga mdomo kiitikio kilipofika. Alikuwa anamzika kijana wake. Jirani akamgusa bega: "Imba, mama. Imani ndiyo hiyo." Hakuimba. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, wimbo huu unamtaka aliyeumia aseme uongo?

Hebu turudi kwa aliyeuandika. Horatio Spafford alikuwa wakili wa Chicago, na moto mkubwa wa 1871 ulimtia hasara kubwa. Novemba 1873 mkewe Anna na binti zao wanne walipanda meli ya Ville du Havre kuelekea Ulaya. Meli hiyo iligongana na nyingine katikati ya Atlantiki, ikazama. Watoto wote wanne walikufa. Anna akampelekea mumewe telegramu kwamba ameokolewa peke yake. Wimbo ulitoka kwenye msiba huo. Mwaka 1876 Philip Bliss aliutungia muziki, na muziki huo ukaitwa Ville du Havre. Yaani kila tunapouimba, tunaimba juu ya jina la meli iliyozama.

Ukijua hivyo, ubeti wa kwanza unasikika tofauti. Amani na shida zimewekwa bega kwa bega, hakuna iliyofichwa. Mfasiri wetu naye alichagua neno "shwari", neno la watu wa bahari. Muulize mvuvi yeyote wa Lamu: shwari ipo, lakini hakuna anayekuahidi itadumu hadi jioni. Halafu kuna lile "rohoni mwangu". Hiyo "mwangu" ni ya ndani kabisa. Wimbo haudai kwamba ni salama nyumbani, mfukoni au machoni. Machozi hayajakatazwa popote. Hilo katazo tumeliongeza sisi, tukiwa tumesimama kaburini.

Lakini wimbo wenyewe pia una upungufu. Ukishapita ubeti wa kwanza, unakimbilia msalaba na kurudi kwa Kristo, na huzuni inaachwa nyuma kama abiria aliyekosa matatu. Hakuna mahali baba anamuuliza Mungu kwa nini. Biblia yenyewe haina haraka hiyo. Zaburi ya 13 inauliza mara nne mambo haya yatadumu hadi lini. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la kufariji mwishoni, na bado ikahifadhiwa kama sala. Kama kitabu chetu kina nafasi ya sala kama hiyo, kwa nini matanga yetu hayana?

Spafford mwenyewe hakupona mara moja kwa sababu ya kuandika beti nzuri. Mwaka 1880 yeye na Anna walimpoteza mtoto mwingine, wa kiume. Kwa hivyo siusomi wimbo huu kama cheti cha kuonyesha kwamba mtu amepona. Nausoma kama neno la mtu anayejishikilia mahali pamoja ili asizame, huku mawimbi yakiendelea. Uponyaji wa imani, nikiuelewa vizuri, unaanzia hapo: kumwambia Mungu ukweli wote, hata ule usiopendeza kuimbwa na kwaya.

Juzi shangazi alinipigia simu. Nikamuuliza kuhusu ule wimbo, nikiogopa kidogo. Akasema siku hizi huuimba jikoni akiwa peke yake.

"Lakini ubeti wa kwanza tu, mwanangu," akaniambia. "Hizo zingine bado sijazifikia."

Sikumwambia aendelee. Nilimuuliza tu kama amekula, naye, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, hakunijibu kwamba yuko salama. Alisema amechoka, kisha akaanza kunihadithia habari za kijana wake.