Filamu "Asilia" na Asili Yake

Utangulizi

Neno "asili" lina uzito katika Kiswahili. Tumwulizapo mtu asili yake, hatutaki kujua ni nani aliyemlipia nauli ya kuja mjini. Twataka kujua mizizi yake: ametoka wapi, ni mtoto wa nani, amelelewa katika mila zipi. Katika biashara ya filamu ya siku hizi neno hili limepewa maana nyingine. Kampuni ya Netflix ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1997 ikikodisha filamu kwa njia ya posta, ilianza kuzionyesha kwa njia ya intaneti mwaka 2007, na baadaye ikaanza kuziita baadhi ya filamu zake "asilia". Kwa maana hiyo, filamu haiitwi asilia kwa sababu ya mahali ilipozaliwa hadithi yake. Huitwa hivyo kwa sababu kampuni imegharimia utengenezaji wake, au imenunua haki ya kuionyesha baada ya wengine kuitengeneza.

Januari 2016 huduma hiyo ilifunguliwa katika nchi zaidi ya 130 kwa mara moja, Afrika Mashariki ikiwamo. Tangu hapo mwanafunzi wa Dodoma au wa Kisumu, maadamu ana simu na fedha ya kulipia, aweza kuitazama filamu siku ile ile anayoitazama mkazi wa Chicago. Jambo hili lina kheri yake na shari yake. Kheri ni kwamba madirisha ya ulimwengu yamefunguka. Shari ni kwamba mwenye ghala ndiye apangaye kipi kiwekwe mbele ya macho yetu na kipi kiachwe nyuma. Mhakiki hana kazi ya kupiga marufuku, wala ya kushangilia tu. Kazi yake ni kuchambua na kupima.

Katika makala hii tunapendekeza kwa walimu na wanafunzi wa sekondari filamu nne ndefu pamoja na mkusanyo mmoja wa filamu fupi. Tumezipima kwa swali moja: asili ya kazi hii iko wapi?

Upepo wa Malawi

Ya kwanza ni The Boy Who Harnessed the Wind, yaani mvulana aliyeutiisha upepo. Ilitolewa mwaka 2019, na mwongozaji wake ni Chiwetel Ejiofor, Mwingereza mwenye wazazi wa Kinigeria, ambaye pia anaigiza baba wa mvulana huyo. Hadithi ni ya kweli. William Kamkwamba, mtoto wa mkulima katika wilaya ya Kasungu, Malawi, alifukuzwa shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Akaingia maktaba, akasoma kitabu cha nishati, kisha akaunda kinu cha upepo kwa vyuma chakavu na vipande vya baiskeli. Nafasi ya William inachezwa na Maxwell Simba, kijana wa Kenya.

Kwa upande wa fani, filamu imegawanywa katika sehemu zilizopewa majina ya Kichewa yanayofuata mwendo wa kilimo na wa msiba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa baadhi yake: kukula ni kukua, njala ni njaa, mphepo ni upepo. Kabla hata ya kuuona ujumbe, mwanafunzi wetu ameuona udugu wa lugha za Kibantu.

Kwa upande wa maudhui, sifa kubwa ya filamu hii ni kwamba njaa haielezwi kuwa ni kudra tupu. Twaona miti ikiuzwa na kukatwa, mafuriko yakifuata, kisha ukame. Twaona chifu akipigwa kwa sababu amesema ukweli mbele ya wakubwa. Twaona familia ikiketi kuamua ni mlo upi mmoja utakaobaki kwa siku. Watazamaji wengi wa nje wamezoea kuonyeshwa Mwafrika mwenye njaa akiwa amenyosha mkono. Hapa wanamwona akijadili, akikosea, akigombana na mwanawe, na akiamua.

Walakini zipo kasoro mbili ambazo mwalimu hana budi kuzijadili. Kwanza, Kiingereza na Kichewa vinachanganywa, na mara kadhaa mkulima na familia yake wanazungumza Kiingereza pale ambapo mtu wa kijiji kile angetumia lugha yake. Twadhani hapa aliyefikiriwa ni mnunuzi wa mbali, hali mwenye hadithi akisahauliwa. Pili, filamu imefupisha historia. Kinu cha kwanza cha Kamkwamba kilitoa umeme wa taa na redio. Kazi ya kuvuta maji ilikuja baadaye. Katika filamu maji yanakuja mara moja, ili mwisho uwe na furaha. Wanafunzi waulizwe: je, taa moja katika nyumba ya nyasi haikuwa ushindi wa kutosha?

Wapo watakaosema kwamba filamu hii inatukuza shujaa mmoja mwenye akili na kuusahau umma. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Baiskeli ni ya baba, na baba anapokubali ikatwe anatoa mali kubwa kuliko zote alizo nazo. Kitabu ni cha maktaba, yaani mali ya wote, na mnara unasimamishwa kwa mikono ya wanakijiji. Kipaji ni cha mtoto, lakini kinu ni cha jamii. Hilo ndilo fundisho la kwenda nalo nyumbani.

Mtumishi wa Mexico

Filamu ya pili inatoka mbali nasi kwa maili, lakini si kwa maisha. Roma, ya mwaka 2018, iliongozwa na Alfonso Cuarón wa Mexico. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, wala haina muziki wa kuuamrisha moyo wa mtazamaji ulie au ucheke. Mandhari yake ni mtaa mmoja wa mji mkuu wa Mexico katika miaka ya 1970 na 1971. Mhusika mkuu ni Cleo, msichana wa kabila la Mixteco, anayefanya kazi za nyumbani kwa familia ya daktari. Cuarón aliitunga kutokana na maisha ya yaya aliyemlea yeye mwenyewe. Filamu ilipata tuzo kuu ya tamasha la Venice, na mwaka 2019 ikapata tuzo tatu za Oscar.

Katika nyumba nyingi za miji yetu yuko Cleo. Tunamwita dada, au msichana wa kazi. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Kwa hiyo picha moja ya filamu hii yastahili kutazamwa mara mbili. Familia imekaa kutazama televisheni. Cleo ameketi sakafuni kando yao, na mtoto mmoja amemwekea mkono begani. Kwa dakika hiyo yu mmoja wao. Mara anaagizwa akalete chai ya bwana, naye anainuka.

Karibu na mwisho, Cleo, ambaye hajui kuogelea, anaingia baharini na kuwaokoa watoto wa tajiri wake wasizame. Wote wanamkumbatia pwani, wakilia. Ndipo wanarudi nyumbani, na mtoto anamwagiza kinywaji. Mwongozaji hasemi neno. Hamlaumu mama wa nyumba, ambaye naye ametelekezwa na mumewe, wala hamfanyi Cleo kuwa malaika. Anatuonyesha tu kwamba mapenzi yaweza kuwa ya kweli na unyonyaji ukabaki pale pale. Wahakiki wetu wengi tumezoea kugawanya wahusika katika makundi mawili, wema na waovu, wanyonyaji na wanyonywaji. Roma inatufundisha kuwa mfumo waweza kuwa mwovu hata pale ambapo kila aliyemo anapenda na kupendwa.

Nje ya nyumba hiyo historia inapita. Juni 10, 1971, wanafunzi waliokuwa wakiandamana waliuawa katika mitaa ya mji huo na vikundi vilivyofunzwa na dola. Cleo yumo dukani wakati huo, mja mzito, akichagua kitanda cha mtoto. Msiba wa taifa na msiba wa mtu mmoja unakutana mlango mmoja.

Lugha na mnunuzi

Atlantique ya Mati Diop na Lionheart ya Genevieve Nnaji zafaa kutazamwa pamoja, kwani zote mbili zinaleta suala la lugha.

Atlantique, ambayo ilipata tuzo ya pili kwa ukubwa katika tamasha la Cannes mwaka 2019, imetengenezwa Dakar kwa lugha ya Kiwolof. Vijana wajenzi wa jengo refu wamefanya kazi miezi kadhaa bila mshahara. Wanapanda mtumbwi kwenda Hispania, na bahari inawameza. Usiku roho zao zinarudi katika miili ya wasichana waliobaki, zinakwenda nyumbani kwa tajiri, na kudai ujira wao. Mtazamaji aliyezoea filamu za kutisha za Marekani atangojea damu. Badala yake anasikia madai ya mshahara. Mizimu hapa inafanya kazi ambayo chama cha wafanyakazi hakikuweza kuifanya. Imani ya jadi imetumiwa kusema jambo la leo, tena bila kuikejeli imani yenyewe.

Lionheart, ya mwaka 2018, ni hadithi nyepesi zaidi. Binti aitwaye Adaeze anapigania kuiokoa kampuni ya mabasi ya babaye mjini Enugu, akisaidiwa na mjomba mcheshi. Nigeria iliipeleka kugombea tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa. Novemba 2019 ikaondolewa mashindanoni, kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kiingereza, na Kiigbo ni dakika chache tu. Nnaji alijibu kwamba hivyo ndivyo Wanigeria wanavyozungumza, na kwamba Kiingereza ndicho daraja kati ya lugha zao nyingi. Hoja yake ina nguvu. Ni ajabu kwamba mkoloni alituachia lugha yake, kisha watoto wa lugha hiyo wakatuambia si yetu. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili ana jambo la kuongeza. Sisi tunalo daraja ambalo hatukuletewa na meli. Filamu ya Kiswahili haiwezi kukwama katika mlango ule. Je, tunalitumia daraja hilo, au tumelifanya pambo?

Ngano zarudi

Kati ya kazi tulizozitaja, zote nne zilitengenezwa na wengine, kisha haki zake zikanunuliwa. Uasilia wake kwa kampuni ni uasilia wa hati ya mauzo. Kazi ya mwisho ndiyo iliyoagizwa tangu mwanzo, na chanzo chake ni kikongwe kuliko kampuni yoyote: ngano za bibi zetu.

Mwaka 2021 Netflix na UNESCO waliitisha shindano la ngano za Kiafrika zilizobuniwa upya. Maombi zaidi ya 2,000 yalifika kutoka nchi 13. Washindi sita walipewa kila mmoja dola 75,000 za Marekani za kutengenezea filamu fupi, na mkusanyo ukatolewa Machi 2023 kwa jina la African Folktales, Reimagined. Tatu kati ya hizo ni za Afrika Mashariki.

Katope, ya Walt Mzengi Corey wa Tanzania, yasimulia mtoto aliyepatikana kwa muujiza kutokana na hamu kuu ya mama, ambaye anafunga safari ya kuhatarisha uhai wake ili ukame uishe. Jina lenyewe lamfumbulia Mswahili fumbo: mtoto wa tope anayeitafuta mvua anakitafuta pia kifo chake. Anyango and the Ogre, ya Voline Ogutu wa Kenya, yachukua zimwi la ngano na kulitia ndani ya nyumba, mbele ya kijana wa miaka 13 anayewalinda wadogo zake. Katera of the Punishment Island, ya Loukman Ali wa Uganda, yakumbusha desturi ya kuwatelekeza kisiwani, katika Ziwa Bunyonyi, wasichana walioshika mimba kabla ya ndoa. Mwanamke aliyeachwa afe anapanga kisasi juu ya mtu mwenye nguvu aliyempeleka huko.

Hizi si ngano za kulaza watoto. Filamu ya Uganda hasa yatukumbusha kwamba si kila cha jadi ni cha kuenziwa. Utamaduni wa taifa hujengwa kwa kuchagua. Udhaifu ni ule wa ufupi: pale hadithi inapoanza kupata moto, inakwisha. Fanani wa zamani hakuhesabiwa dakika. Na hadhira yake ilimwitikia. Ilimwambia "hadithi njoo", ikamkatiza, ikamsahihisha. Mtazamaji wa simu yuko peke yake, na filamu haimsikii.

Darasani

Hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Filamu hizi zitazamwe pamoja, na mwitikio ule uliopotea urudishwe kwa majadiliano. Mwalimu azitazame kwanza peke yake. Roma na Atlantique zina sehemu zisizofaa vidato vya chini. Wanafunzi waulize: nani anasimulia, kwa lugha gani, kwa fedha ya nani, na nani hakupewa nafasi ya kusema? Kisha waende kwa wazee, wakusanye ngano moja moja, na kuiandika kama mchezo wa filamu wa kurasa chache.

Hitimisho

Tusidhani kwamba filamu ilikuja kwetu pamoja na intaneti. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na Arusi ya Mariamu ilitengenezwa kwa Kiswahili mwaka 1985. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu. Chemchemi ipo. Ghala la mgeni laweza kutuhifadhia maji, hata kutupa kikombe cha kunywea, lakini asiyejua njia ya kwenda chemchemini atauziwa maji yake mwenyewe maisha yake yote. Tuzitazame filamu hizi, tuzipende zinazostahili, na baada ya kuzima taa tujiulize: yetu tumeiandika wapi?