Mkono Mwepesi, Jeli Nzito
Dereva wa trela aliyetoka Mombasa akielekea Malaba, akishapanda kutoka Salgaa hadi Sachangwan na kuvua viatu, alama ya soksi huwa imezama juu ya kifundo. Miguu imefura, na mwenyewe hana ugonjwa. Amekaa saa nyingi bila shavu la mguu kukaza na kusukuma damu irudi juu, basi maji huvuja kutoka kwenye vimishipa na kutuama chini ya ngozi. Uvimbe huo hupimika kwa ultrasaundi, ila wapimaji hawalingani kwa ustadi.

Ukionyeshwa picha, tafuta jeli kwanza. Kati ya kichwa cha mashine na ngozi pawe na utepe wake mweusi usiokatika. Ukikosekana, mkono umekandamiza, na ukikandamiza unayafukuza maji yale yale uliyokuja kuyapima. Mimi huuamini utepe huo kuliko bei ya mashine.

Kichwa chenyewe kiwe kile bapa cha megahezi 10 au zaidi, si kile cha mviringo wanachopimiwa akina mama wajawazito. Kile bapa hakioni mbali, lakini ngozi na mafuta viko karibu. Kisimame wima: kikilala kidogo tu, unene unaongezeka kwenye skrini na mguu hauna habari. Kipimo huanzia juu ya ngozi na kuishia kwenye mstari mweupe unaong'aa, yaani utando wa msuli.

Kisha uliza mpimaji alipimia wapi. Fundi mzuri huhesabu sentimita kutoka kwenye kifundo, akatia alama ya kalamu, akarudi papo hapo asubuhi na jioni, mtu akiwa amelala vilevile. Kipimo cha jioni peke yake hakisemi lolote, maana kuna miguu iliyonona tangu kuzaliwa. Fundi huyo pia huinua kichwa cha mashine na kupima upya mara tatu. Vipimo hivyo vikipishana kwa kiasi kile kile kinachotenga asubuhi na jioni, hajapata kitu, na aseme hivyo. (Anayekuletea namba moja yenye desimali mbili za milimita, mtilie shaka.)

Mifereji myeusi kati ya vinundu vya mafuta ni dalili ya maji mengi. Uvimbe wa safari huenda usiwe nayo, asiyeiona asiizue.

Na mguu mmoja ukifura peke yake, ukiuma, mpimaji mwenye akili huacha milimita na kumpeleka mtu hospitalini akaguliwe damu iliyoganda.