Chambo na Kafara

Mara ya kwanza kumwona Mikhail Tal akitoa farasi wake bure, nilicheka. Nilikuwa nautazama mchezo kwenye simu, na pembeni mwa ubao palikuwa na ule utepe ambao kila anayefuatilia sataranji mtandaoni anaujua: nusu mweupe, nusu mweusi, unapanda na kushuka kila kete inapoguswa. Utepe huo huendeshwa na injini, yaani programu ya kompyuta inayopima nani yuko mbele na kwa kiasi gani. Tal alikuwa na kete nyeusi. Alipomrukisha farasi hadi mraba wa f4, rangi nyeupe ikapanda. Nikajua amekosea. Sikuwa nimeelewa kwa nini amempeleka pale, lakini tayari nilijua amekosea.

Ilikuwa Moscow, Machi 1960, mchezo wa 6 wa kuwania ubingwa wa dunia. Upande wa pili wa meza alikaa bingwa mwenyewe, Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme mwenye miaka 48, mtu wa maandalizi na nidhamu. Tal alikuwa na miaka 23. Katika hatua ya 21 alimweka farasi mahali ambapo kitunda, yule askari mdogo wa mstari wa mbele, kingemla bila taabu. Alichopata ni kitunda kimoja mkononi, njia iliyofunguka kwa askofu wake, na vurugu. Ukumbi ulijaa minong'ono hadi wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma.

Wachambuzi waliokuja baadaye wameuchana mchezo huo nyuzi kwa nyuzi, na injini zimemaliza ubishi: Botvinnik alikuwa na njia ya kutoka. Katika hatua ya 25 angekula kitunda cha f3 kwa askofu wake, na kama angeendelea kwa usahihi, angebaki na hali bora. Hakufanya hivyo. Alikula malkia wa Tal kwa ngome, Tal akala malkia wake kwa kitunda, na vumbi lilipotulia bingwa alikuwa anazama. Alishindwa mchezo huo, na kufikia Mei alikuwa amepoteza taji, 12½ kwa 8½.

Basi swali ni hili: kafara ya Tal ilikuwa sahihi au si sahihi? Nimekuja kuamini kwamba tunauliza vibaya, na kwamba utepe ule umetuzoesha kuuliza vibaya.

Mwaka 1935 Rudolf Spielmann, mchezaji wa Austria aliyejulikana kwa ushambuliaji wake, alichapisha kitabu kizima kuhusu kutoa kete. Aligawa vitendo hivyo mafungu mawili: kafara za uongo na kafara za kweli. Ya uongo ni ile unayoweza kuipigia hesabu hadi mwisho: unatoa ngome sasa, na hatua tatu mbele unapata malkia au unamfunga mfalme. Ya kweli ni ile ambayo mwisho wake hauonekani. Unatoa, halafu unaingia gizani na ulichobaki nacho.

Kiswahili kina maneno mazuri zaidi kwa mgawanyo huo. Fungu la kwanza ni chambo. Mvuvi hamlilii dagaa aliyemtia kwenye ndoana, kwa sababu macho yake yako kwa changu. Fungu la pili ndilo kafara. Anayetoa kafara hapewi risiti. Huchinja mbuzi wake halafu akangoja, na katika kungoja huko ndiko uzito wa jambo ulipo.

Sasa iweke injini mbele ya mgawanyo huu. Injini ya kawaida hufanya mambo mawili: hupekua mti wa hatua zinazowezekana, kisha hupima kila hali inayofikia. Kipimo cha zamani kilikuwa vitunda: alama ya +1 ilimaanisha mweupe yuko mbele kwa thamani ya kitunda kimoja. Kwa mashine kama hiyo, farasi aliyetolewa ni tawi moja kati ya mamilioni. Ikiona mwisho wa njia, inamtoa, isipouona, inamkalia. Inajua chambo tu. Ndiyo maana kwa miaka mingi kompyuta ziliitwa walafi wa kete, na binadamu walijifariji kwamba kafara ni mali yao.

Walikuwa na hoja. Mwaka 1998 huko Linares, Hispania, Alexei Shirov, akicheza na Veselin Topalov, alimpeleka askofu wake h3, mahali ambapo kitunda kingemla mara moja. Zilikuwa zimebaki kete chache sana, wakati ambao kila mwanafunzi hufundishwa kutunza alizo nazo. Alichonunua Shirov kwa askofu mzima ni hatua moja tu: mfalme wake kufika katikati ya ubao mapema kuliko mfalme wa mwenzake. Alishinda, na hatua ile ilikuwa sahihi kabisa. Injini za wakati ule hazikuwa na jicho la kuiona.

Lakini faraja hiyo ina nyufa. Mwaka mmoja kabla, tarehe 11 Mei 1997 mjini New York, Deep Blue ya IBM ilitoa farasi katika hatua ya 8 dhidi ya Garry Kasparov, na baada ya hatua 19 tu bingwa akasalimu amri. Dunia iliona mashine imethubutu. Ukweli ni kwamba hatua ile ilitoka kwenye maktaba ya ufunguzi ambayo binadamu waliijazia mashine kabla ya mchezo. Deep Blue, iliyoweza kupekua takriban hali milioni 200 kwa sekunde, haikuhitaji kupekua chochote ili kumtoa farasi yule. Kafara ya mashine iliyovuma kuliko zote ilikuwa imeandikwa na watu.

Kisha ikaja AlphaZero. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza programu iliyojifunza sataranji kwa kucheza na nafsi yake, bila kufundishwa kwamba ngome ni bora kuliko farasi. Katika michezo 100 dhidi ya Stockfish ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikushindwa hata mmoja. Ilipekua hali elfu 80 kwa sekunde ilhali mwenzake alipekua milioni 70. Cha kushangaza zaidi ni namna ilivyocheza: ilitoa kitunda, kisha kingine, pengine na kete kubwa, ili kete za mpinzani zikose pa kupumulia, na malipo yakaja hatua nyingi baadaye. Hesabu ya moja kwa moja haikufika huko. Ilikisia. Mwaka 2020 Stockfish nayo ikachukua mtandao wa neva wa kupimia hali, na leo injini za simu zetu hutoa kete kwa ukarimu ambao ungemshtua mwalimu wa zamani.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba binadamu ana hisia na mashine ina hesabu. Mashine sasa ina kitu kinachofanya kazi ya hisia, na kinafanya vizuri kuliko chetu. Tofauti iliyobaki, kwa maoni yangu, iko kwa mtu aliyekaa ng'ambo ya ubao.

Injini hudhani mpinzani wake ni injini. Kila hatua huipima kwa jibu bora kabisa linalowezekana, na alama inayoitoa ni hukumu ya mchezo kati ya wachezaji wawili wasiochoka. Tal hakuwa akicheza mchezo huo. Mbele yake alikuwepo Botvinnik, na saa ilikuwa inakwenda. Hatua iliyopo kwenye mti si lazima iwepo kwenye kichwa cha mtu jioni ile. Kamba hukatikia pabovu, na Tal aliijua sehemu mbovu ya kamba ya Botvinnik: mtu aliyependa kuelewa kila kitu kabla ya kugusa kete aliingizwa mahali ambapo kuelewa kungechukua siku nzima. Katika kitabu alichokiandika kuhusu pambano hilo, Tal aliitetea hatua yake kama tokeo la mpango wote uliotangulia: kama asingemruhusu farasi aruke, kazi yote ya nyuma ingekuwa bure.

Mtu anaweza kusema huo ni udanganyifu uliofaulu tu. Pingamizi hilo ni zito, na aliyelijibu vizuri ni Botvinnik mwenyewe. Mwaka 1961, katika pambano la marudiano, hakuja kupiga hesabu za kafara za Tal. Alikuja kumnyima nafasi ya kuzitoa: aliupeleka mchezo kwenye hali tulivu na miisho mirefu yenye kete chache, akalirudisha taji kwa 13 kwa 8. Naye alimsoma mtu, si ubao peke yake. Miaka ya baadaye mhandisi huyo alitumia nguvu nyingi kujenga programu ya sataranji iitwayo Pioneer, akitaka ifikiri kama bingwa badala ya kupekua kila tawi. Haikupata kuwa mchezaji tishio.

Nasomea fasihi, na kicheko changu cha siku ile kilinisuta kwa sababu nakifahamu kutoka darasani. Tunafungua riwaya ya miaka 60 iliyopita huku utepe wetu ukiwa pembeni: tunajua siasa ziliishia wapi, nadharia ipi ilishinda, mwandishi alikosea wapi. Tunaona alama kabla hatujaona hatua. Tunampa mwandishi maksi zake, na mara nyingi maksi hizo ni za haki. Ila hatujawahi kukaa kwenye kiti chake, kabla mwisho haujajulikana, tukajiuliza ni nini kingine kilikuwa mbele yake.

Wiki iliyopita niliurudia mchezo wa 6 kwenye ubao wa mbao, simu ikiwa chumba kingine. Nilipofika hatua ya 21 nilisimama kwa upande wa Botvinnik na kujipa dakika 20 kutafuta njia. Nilimla farasi, hilo lilikuwa rahisi. Hatua nne baadaye malkia wa Tal alikuwa mbele yangu, tayari kuliwa. Nilikuwa nimeshasoma jibu, nalijua kwa herufi na namba zake. Hata hivyo mkono ulienda kwenye ngome.